Hakuna biringanya dume

Huku Mbeya mche wa biringanya ukichanua kisha ukapukutisha maua, jirani hakosi kukwambia: "Huo dume, ng'oa." Usiung'oe. Mpapai una dume na jike, mbiringanya hauna. Kila ua lina chavua na ovari, na hujichavusha lenyewe likitikiswa na upepo au nyuki.

Kinachoangusha maua mara nyingi ni baridi. Biringanya ni zao la joto; usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 hivi, chavua hudhoofika. Jiji letu liko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku hushuka hata chini ya nyuzi 10. Mche huohuo ungekuwa kule Usangu kwenye joto, pengine ungezaa.

(Jirani ana kaukweli kadogo, nikiri: yako maua ambayo kijiti chake cha kike ni kifupi, nayo hayashiki tunda. Lakini hutoka kwenye mche uleule unaozaa.)

Sia mbegu Agosti, hamisha miche Oktoba, karibu na ukuta unaopigwa na jua. Urea nyingi itakupa majani tu. Palipokuwa na nyanya au viazi msimu uliopita, pakwepe: mnyauko wa bakteria hubaki udongoni.