Je, wajua kwa nini sukari huweza kushuka yenyewe figo zinapochoka?

Mtu ana miaka kumi na tano na kisukari. Mita yake ya sukari imezoea kusoma 11, 12 (milimoli kwa lita), na siku ya pilau la sikukuu inafika 16. Halafu, bila kubadili dawa wala chakula, asubuhi zinaanza kuja 7, kisha 5, na siku moja 3.6 huku jasho linamtiririka na mikono inatetemeka. Nyumbani wanashukuru. Huyu anasifu majani ya mlonge, yule anasema ni mdalasini. Vidonge vinaendelea kumezwa kama kawaida, viwili asubuhi, kimoja jioni.

Kwa mgonjwa wa miaka mingi, namba hizo zinatakiwa zimpeleke maabara wiki hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kutamka neno kupona. Sukari inayoshuka bila sababu inayoonekana ni moja ya njia ambazo figo hutoa taarifa kwamba zimechoka, na taarifa hiyo inaweza kuja kabla miguu haijavimba na kabla mkojo haujapungua.

Sababu ya kwanza ni insulini yenyewe. Ikishafanya kazi lazima iondolewe mwilini, vinginevyo ingeendelea kushusha sukari bila kikomo. Insulini inayotoka kwenye kongosho hupitia kwanza kwenye ini, na ini huondoa karibu nusu yake. Sehemu kubwa ya inayobaki huondolewa na figo. Insulini ya sindano haianzii kwenye ini. Inatoka chini ya ngozi ya tumbo au paja na kuingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu, kwa hiyo mzigo wa figo unakuwa mkubwa zaidi. Fikiria ndoo yenye tundu chini, imewekwa kwenye bomba linalotiririka: maji yanakaa usawa uleule kwa sababu yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Tundu likianza kuziba, ndoo inafurika ingawa bomba halijaguswa. Ndivyo dozi ileile ya sindano ya jioni inavyofika alfajiri ikiwa bado ina nguvu.

Sababu ya pili haijulikani sana mitaani. Tumezoea kusikia kwamba ini ndilo ghala la sukari, na ni kweli, lakini figo nazo hutengeneza glukosi mpya, hasa mtu akikaa saa nyingi bila kula. Figo zikichakaa, msaada huo wa usiku unapungua. Ongeza na hili: figo zikishindwa kutoa uchafu, hamu ya chakula hupotea na kichefuchefu huanza, kwa hiyo mgonjwa anakula nusu ya sahani aliyokuwa akimaliza. Insulini inakaa muda mrefu, glukosi inatengenezwa kidogo, chakula kimepungua. Sukari itashuka tu.

Kidonge gani uko nacho mkononi?

Hapa ndipo hatari inapokuwa kubwa, maana vidonge vya kisukari havifanani hata kidogo, ingawa wengi huviita vyote "dawa za sukari".

Glibenklamidi, kidonge cha miligramu 5 ambacho wagonjwa wengi wametumia kwa miaka, huisukuma kongosho itoe insulini. Haikuulizi kama umekula. Ini huivunja, lakini mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari, na mabaki hayo hutegemea figo kwa sehemu kubwa ili yatoke. Figo zikiwa dhaifu yanajilimbikiza siku baada ya siku. Ndiyo maana mtu aliyeshuka sukari kwa glibenklamidi anaweza kupewa soda, akaamka, akazungumza vizuri, kisha baada ya saa tatu akazama tena, na hali hiyo ikajirudia kwa zaidi ya saa 24. Ndugu yake gliklazidi huvunjwa na ini na kuacha mabaki yasiyo na nguvu, kwa hiyo kwa mwenye figo zilizopungua ni salama zaidi, ingawa nayo inaweza kushusha sukari kupita kiasi. Kama una zaidi ya miaka sitini, figo zako zimeanza kupungua na boksi lako limeandikwa glibenklamidi, nenda ukaulize kuhusu kubadilishiwa. Swali hilo lina haki ya kujibiwa.

Metformini ni habari nyingine. Peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, kwa kuwa hailazimishi kongosho kutoa insulini. Kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage glukosi ovyo. Na uvumi kwamba "metformini inaua figo" si kweli. Umewafanya watu waache dawa nzuri, na sukari ya juu iliyofuata ndiyo ikaziumiza figo hizo. Uvumi una chanzo chake, hata hivyo. Metformini haivunjwi mwilini. Hutoka nzima kwenye mkojo, na figo zikishindwa kuitoa inajikusanya hadi damu inaweza kujaa asidi ya laktiki, hali adimu lakini inayoua. Kwa hiyo daktari akikupunguzia dozi au kukuachisha, dawa haijaharibu figo zako. Figo zako ndizo haziwezi tena kuitoa.

Anaamuaje? Kwa namba iitwayo eGFR, makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu, inayokokotolewa kutoka kwenye kreatinini, uchafu wa misuli unaopimwa kwenye damu. Ikiwa 45 au zaidi, metformini kwa kawaida inaendelea. Kati ya 30 na 45 dozi hupunguzwa, kwa kawaida isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Chini ya 30 inasimamishwa.

Usikubali kuambiwa "kreatinini iko sawa" bila eGFR. Chukua majibu mawili yaliyoandikwa namba ileile, mikromoli 130 kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 30, hesabu inayotumika sasa inatoa eGFR ya kama 65. Kwa mama wa miaka 60, 130 hiyohiyo inatoa kama 41, yaani tayari yuko kwenye eneo la kupunguziwa metformini. Kreatinini hutoka kwenye misuli, na mama huyo ana misuli kidogo. Damu yake ingekuwa na kreatinini ndogo kama figo zingekuwa nzima.

Kipimo cha pili ni albumini, protini ya damu, kwenye mkojo ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida, 30 hadi 300 chujio la figo limeanza kuvuja, juu ya 300 linavuja sana. Kinaweza kuonyesha tatizo miaka kadhaa kabla eGFR haijashuka, lakini ndicho kinachosahaulika zaidi kuandikwa kwenye fomu ya maabara. Kiombe kwa jina lake, angalau mara moja kwa mwaka.

Tahadhari moja kuhusu kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c. Kinasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Mgonjwa wa figo mwenye upungufu wa damu, au mtu mwenye selimundu, chembe zake huishi muda mfupi, hivyo hazipati nafasi ya kunatiwa na sukari ya kutosha. Kipimo kinaweza kuonyesha uzuri ambao haupo. Kwa watu hao, daftari la mita ya nyumbani linasema ukweli zaidi.

Ukipunguza ugali, ni kipi kingine kinabadilika?

Sasa njoo kwenye sahani. Watu wengi jijini wameamua kupunguza wanga, na kwa kisukari cha aina ya pili uamuzi huo una mantiki: wanga ndio unaopandisha sukari haraka kuliko chakula kingine chochote. Ugali uliosongwa kwa gramu 150 za unga wa sembe una wanga wa gramu kama 115. Mlo unaoitwa wa wanga kidogo kwa kawaida una chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Maana yake sahani moja ya mchana pale kwa mama lishe inakaribia kumaliza posho ya siku, kabla hujahesabu chapati ya asubuhi yenye gramu kama 45 na soda ya mililita 350 yenye kama 37. Ugali wa ukubwa wa ngumi, uliotokana na unga wa gramu 50, una kama 38. Ukiuweka pembeni ya bamia, mchicha na kipande cha changu, umekula na umeshiba.

Kinachokosewa ni kubadili sahani Jumatatu na kuacha dawa zifuate ratiba ya zamani. Dozi ya glibenklamidi au insulini ilipangwa kwa ajili ya ule ugali mkubwa. Ugali ukiondoka, dawa inabaki na kazi isiyokuwepo, na ikiwa figo nazo ni dhaifu, makosa mawili yamekutana usiku mmoja. Ndiyo maana kliniki hupunguza insulini, mara nyingi kwa theluthi hadi nusu, na hupunguza au kusimamisha glibenklamidi siku mlo unapobadilika, si wiki mbili baadaye. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini kabisa, hata asipoonja wanga. Dozi inapangwa upya na daktari. Pima kabla ya kula, saa mbili baada ya kula na kabla ya kulala kwa wiki mbili za mwanzo, na andika.

Kuna vidonge vipya zaidi, dapagliflozini na empagliflozini, ambavyo huzifanya figo zitupe glukosi kwenye mkojo, gramu 60 hadi 80 hivi kwa siku figo zikiwa nzima. Hulinda figo na moyo hata pale ambapo eGFR ni ndogo na uwezo wao wa kushusha sukari umepungua, na tungependa wagonjwa wengi zaidi wavipate. Lakini havipatani na kuacha wanga ghafla wala kufunga muda mrefu. Mwili huanza kuchoma mafuta, ketoni (asidi zinazotokana na mafuta hayo) zinajaa, damu inakuwa na asidi, huku mita ikisoma 9 au 10 na kumdanganya kila mtu. Kutapika, tumbo kuuma na kupumua haraka kwa mtu anayetumia vidonge hivyo ni safari ya hospitali, namba ya mita iwe yoyote.

Katika siku za kwanza za kupunguza wanga, mwili hupoteza pia maji na chumvi nyingi kupitia mkojo. Ndiyo maana kilo mbili tatu huondoka wiki ya kwanza. Mafuta bado hayajaenda mbali. Kwa mtu anayetumia dawa ya presha kama losartani au lisinoprili pamoja na kidonge cha kukojoza, presha inaweza kuanguka akisimama, hasa kwenye joto la Januari na Februari la Dar. Akipata maumivu ya mgongo akameza diklofenaki ya duka la jirani, dawa hizo tatu kwa pamoja zinaweza kuzima figo ndani ya siku chache. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamoli kwa dozi yake ni salama zaidi. Na akiharisha au kutapika, apige simu kliniki siku hiyohiyo kuuliza zipi zisimame kwa muda: metformini, losartani, ya kukojoza na vile vidonge vipya vimo kwenye orodha hiyo.

Kupunguza ugali hakumaanishi kuujaza mlo nyama choma. Mwenye figo zilizopungua ambaye hajaanza kusafishwa damu hushauriwa protini ya gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 56 kwa mtu wa kilo 70. Robo kilo ya nyama ya ng'ombe iliyoiva ina kama 65. Posho ya siku imeisha na kuzidi kwenye sinia moja.

Halafu kuna dafu, ambalo kila kona ya mji linasifiwa kwamba "linasafisha figo". Dafu moja linaweza kuwa na madini ya potasiamu miligramu 700 hadi 1,000. Figo nzima hutoa ziada hiyo bila shida. Figo dhaifu haziwezi, na losartani, lisinoprili na spironolaktoni (nayo ni ya kukojoza) huizuia zaidi isitoke, mpaka potasiamu inapanda na moyo unaweza kusimama ghafla. Tahadhari hiyohiyo inahusu ile chumvi inayouzwa kama ya wagonjwa wa presha, ambayo mara nyingi ni potasiamu kloridi. Kama kipimo kimeonyesha potasiamu iko juu, mchicha na matembele vichemshwe kwenye maji mengi na maji hayo yamwagwe kabla ya kuunga.

Sukari ikishuka chini ya 3.9, mtu akiwa na fahamu, apewe vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji, au mililita 150 za soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Pima baada ya dakika 15, rudia kama bado, kisha ale. Akiwa hana fahamu, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, pata usafiri. Na kama anatumia glibenklamidi, apelekwe hospitali hata akiamka na kudai yuko sawa, na boksi la dawa liende naye ili daktari aone ni kidonge gani na ajue kwamba huyu anahitaji kulazwa na kupimwa sukari usiku kucha.