Ngazi ya kudhibiti hatari ni nini, na kwa nini "kuwa makini" iko huku chini

Watu wengi ukiwatajia usalama kazini wanawaza kofia ngumu na gambuti, basi. Shambani ndo kabisa, maana shamba halihesabiwi kama kazini, unalima na mke na watoto na vibarua wawili watatu, nani wa kumkagua mwenzie? Wakati huo huo Shirika la Kazi Duniani (ILO) linakiweka kilimo pamoja na migodi na ujenzi kwenye kazi tatu hatari kuliko zote. Sasa kuna dhana moja ambayo maofisa usalama wanaitumia kila siku, wanaiita ngazi ya kudhibiti hatari, na haihitaji shule kubwa kuielewa.

Iko hivi. Hatari yoyote ina njia tano za kuikabili na nguvu zake hazilingani. Juu kabisa ni kuiondoa hatari yenyewe isiwepo. Haiwezekani? Tafuta mbadala wenye madhara madogo. Napo imeshindikana, weka kizuizi kati ya mtu na hatari, kava, uzio, mfuniko. Chini ya hapo ndo zinakuja taratibu, yaani mafunzo, mabango, ratiba, na ile "kuwa makini" yetu. Mwisho kabisa vifaa vya kujikinga, glavu, barakoa, miwani, ovaroli. Unaanza juu unashuka. Sisi tunaanza chini na tunaishia huko huko, halafu mtu akiumia tunasema alikuwa mzembe.

Kwa nini juu kuna nguvu zaidi? Kwa sababu hakumtegemei mtu kukumbuka. Kava ya chuma inafanya kazi hata kama kibarua hajala tangu asubuhi, hata kama jana msibani hakulala, hata akiwa mgeni wa hiyo mashine. Glavu inafanya kazi siku ile tu umeivaa, na haijatoboka.

Chukua mahindi ya stoo. Wadudu wanakula, mtu ananunua vile vidonge vya kufukiza, alumini fosfaidi, anatupia kwenye magunia chumbani kwa sababu nyumba nyingi stoo ni chumba cha pili tu. Vidonge vikikutana na unyevu wa hewani vinatoa gesi ya fosfini, gesi inapita kwenye nyufa na juu ya ukuta usiofika bati, familia imelala upande wa pili. Gesi hii haina dawa ya kuipinga hospitali, wanachoweza ni kukusaidia mwili uhimili. Ukimpa huyu mtu barakoa ya kitambaa umempa mapambo, gesi inapita kama haipo. Ukimwambia asilale karibu, sawa, ila mvua inanyesha na nyumba ni hiyo hiyo. Kipandio cha juu kabisa hapa ni kuachana na sumu yenyewe, uweke mahindi kwenye mifuko ya PICS, ile ya mifuko miwili ya nailoni ndani ya kiroba kimoja. Unafunga kila mmoja kwa kukaza, wadudu wanaimaliza oksijeni iliyomo wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Sharti mahindi yawe makavu kweli, na kupima si lazima mashine, tia chumvi kavu na mahindi kidogo kwenye chupa kavu, tikisa, uache yatulie, chumvi ikiganda ukutani mwa chupa rudisha juani. Mwanzoni mfuko ni ghali kuliko kidonge, sikatai, ila usipotoboka unautumia zaidi ya msimu mmoja.

Kwenye kupiga dawa shambani mambo ni hayo hayo. Rangi iliyoko chini ya lebo inakwambia ukali, nyekundu ndo kali kuliko zote, kisha njano, bluu, kijani. Kama kuna ya kijani au bluu inayomuua mdudu yule yule, ya nini ubebe nyekundu mgongoni? Na bomba linalovuja lirekebishwe kabla hujahangaika na ovaroli, maana sumu inaingia kwa ngozi na mgongo unalowa taratibu bila wewe kushtuka. Joto la Ifakara saa sita mchana hakuna mtu atakayekaa ndani ya ovaroli la plastiki, tusidanganyane.

Trekta sasa. Ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua, PTO, kwa kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kila sekunde. Ikidaka ncha ya kanga au mkono wa shati, ukisema "zima" tayari umeshavutwa. Huwezi kuishinda kwa umakini, binadamu hana kasi hiyo. Dawa yake ni kava ya shafti, ambayo mara nyingi ilivuliwa siku ya kupaka grisi ikabaki gereji. Trekta kupinduka nako ni hivyo hivyo, Sweden ilianza 1959 kulazimisha trekta mpya ziwe na fremu ya kumlinda dereva, na kadiri trekta za zamani zilivyotoka vifo vya aina hiyo vikapungua mno. Si kwamba madereva wa kule waliamka wakawa werevu. Ila fremu inataka ufunge mkanda, na haimsaidii yule aliyepewa lifti kwenye madigadi.

Sheria zipo, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, Kenya wana yao ya 2007. Tanzania kuna na mfuko wa fidia, WCF, ila fidia inakuja mkono ukishakatika. Na mkaguzi akitoka atafika kwanza kwenye shamba kubwa la mkonge au maua, kwenye eka mbili zako sijui lini.

Kwa hiyo ukikodi trekta ya kupukuchua msimu huu, kabla ya kuongea bei kwa gunia muulize mwenye nayo kava ya shafti iko wapi. Akikwambia ipo nyumbani, mwambie akailete kwanza.