Usuli wa ulimwengu wa kubuni katika michezo ya vita ya kisayansi

Katika michezo ya vita inayochezwa mezani kwa vijisanamu, ramani na dadu, usuli ni jumla ya maelezo yanayotangulia pambano lenyewe: ni akina nani wanaopigana, waligombana kwa sababu gani, silaha zao zilitoka wapi, na ulimwengu wanaougombea una sura gani. Maelezo hayo si kanuni za mchezo, kwa kuwa mtu anaweza kusogeza vikosi vyake na kurusha dadu bila kuyajua hata kidogo. Si riwaya pia, kwa kuwa hayana mhusika mkuu anayefuatwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ni kuyapa sababu mambo ambayo kanuni zinayaruhusu kutokea mezani.

Wabunifu wengi wanaoanza hukosea kwa kuandika usuli kana kwamba ni riwaya. Mtunzi wa riwaya huhitaji vita moja yenye chanzo na hatima, ilhali mbunifu wa mchezo huhitaji hali ya vita isiyokwisha, ambamo mapambano mengi yasiyofanana yanaweza kutokea bila hata moja kati yao kuuvuruga ulimwengu mzima. Ndiyo maana madola ya michezo hii aghalabu huwa yamedhoofika bila kuanguka, mipaka yake haijulikani vizuri, na mikataba yake huvunjwa kabla wino haujakauka. Upande mmoja ukipewa nguvu za kuimaliza vita kesho, mchezaji wa upande wa pili hana sababu ya kuketi mezani.

Mfano mzuri ni BattleTech, mchezo uliotoka mwaka 1984 kwa jina la BattleDroids na kubadilishwa jina mwaka uliofuata. Kanuni zake zinahusu mashine kubwa za kivita zenye umbo la mtu, zinazoendeshwa na rubani mmoja na kupigana chache dhidi ya chache, na mchezaji hufuatilia joto la kila mashine na uharibifu wa kila kiungo chake. Msomaji makini atauliza mara moja kwa nini ustaarabu uliokwisha kuenea katika nyota usiunde maelfu ya mashine hizo na kuzirundika vitani. Usuli unajibu kwamba dola moja kuu ilisambaratika, koo tano za kitawala zikapigania urithi wake kwa vizazi kadhaa, viwanda vikateketezwa, na maarifa ya kuviunda upya yakapotea, hata mashine ikawa mali ya ukoo inayorithiwa na kufanyiwa matengenezo kwa vipuri vya kuokoteza. Kwa jibu hilo moja tunaelewa uchache wa mashine, heshima anayopewa rubani, udogo wa mapambano, na hata sababu ya kamanda kurudi nyuma ili kuokoa chombo chake badala ya kupigana mpaka kufa. Usuli wa namna hiyo naona una thamani kuliko kurasa mia za nasaba za wafalme, ambazo mchezaji atazisoma mara moja na kuzisahau.

Mara nyingine usuli huzaliwa kutokana na shida ya kawaida kabisa ya uzalishaji. Warhammer 40,000 ilichapishwa Uingereza mwaka 1987, na mwaka uliofuata ukatolewa mchezo mwingine wa ulimwengu huohuo, Adeptus Titanicus, uliohusu mapambano ya mashine kubwa mno za kivita. Kisanduku chake kilikuwa na vijisanamu vya muundo mmoja tu, kwa hiyo pande zote mbili zililazimika kutumia mashine zilezile. Wabunifu walihitaji maelezo ya kwa nini jeshi lipigane na jeshi linalofanana nalo, nao wakachagua uasi: zamani za kale, jemadari mpendwa alimgeuka mfalme wake na kuugawa ufalme mara mbili. Maelezo hayo ya kufunika upungufu wa kisanduku baadaye yakawa nguzo ya historia nzima ya ulimwengu huo, na yakaandikiwa mfululizo wa vitabu zaidi ya 50. Mbunifu asiye na fedha za kuunda majeshi manne tofauti asione haya kuanza na vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Bunilizi ya kisayansi ina tatizo moja la ziada ambalo michezo ya vita vya kihistoria hailijui, nalo ni umbali. Mwanga wenyewe huchukua zaidi ya miaka minne kufika kutoka Jua hadi nyota iliyo karibu nalo zaidi, na galaksi yetu ina upana wa takriban miaka ya mwanga 100,000. Hivyo kabla ya kuandika habari za mfalme au nabii yeyote, mbunifu aamue vyombo vinasafirije na ujumbe unasafirije, kwa kuwa siasa zote zitafuata uamuzi huo. Traveller, mchezo wa kuigiza wahusika uliotoka mwaka 1977, uliweka sharti kwamba kila mruko wa chombo kati ya nyota huchukua takriban wiki moja, uwe mfupi au mrefu, na kwamba hakuna ujumbe unaotangulia chombo chenyewe. Matokeo yake ni kwamba gavana wa mpakani hutawala atakavyo, amri za makao makuu humfikia zikiwa zimepitwa na wakati, na vita vinaweza kuanza na kupamba moto kabla ya mji mkuu kupata habari. Kinyume chake, ulimwengu ambamo kila mtu huzungumza na kila mtu papo hapo utakuwa na majemadari watiifu na maasi machache, jambo ambalo si neema kwa mchezo.

Sehemu nyingine ya kazi hii ni kujua pa kuacha wazi. Warhammer 40,000 inataja kwamba majeshi ya awali ya askari wake mashuhuri yalikuwa 20, lakini mawili kati ya hayo yamefutwa katika kumbukumbu na sababu haijaelezwa kikamilifu hadi leo. Inataja pia kwamba vikosi vya askari hao ni takriban 1,000, huku vilivyopewa jina na historia vikiwa sehemu tu ya idadi hiyo. Mchezaji anayetaka kubuni kikosi chake mwenyewe, na rangi zake na visa vyake, hapingani na kitabu chochote, kwa sababu nafasi aliachiwa tangu mwanzo.

Majina hayahitaji maneno mengi: kila upande uwe na milio yake, na kila jina litamkike bila kujikwaa.

Uamuzi unaobaki kuwa mgumu ni wa wakati. Usuli unaweza kusimamishwa ukingoni mwa janga, au kuachwa usonge mwaka baada ya mwaka. Warhammer 40,000 ilikaa kwa miongo kadhaa mwishoni mwa milenia ya 41, kila tishio likikaribia bila kufika, na ni toleo la mwaka 2017 lililosukuma historia yake mbele waziwazi. BattleTech ilianza kuhesabu miaka yake mapema, ikaleta wavamizi wapya katika mwaka wake wa 3050 na silaha ambazo wachezaji wa zamani hawakuwa nazo. Historia inayosonga huleta majeshi mapya ya kuchezwa, lakini pia huwaua watu na kuangusha miji ambayo mchezaji fulani ameijengea jeshi zima. Mwenye kuchagua njia hiyo hana budi kueleza katika kila kitabu ni mwaka upi unaosimuliwa, ili anayependa kupigana katika kipindi cha zamani aendelee kufanya hivyo.