Kwa nini Wapunjabi huwasha moto wa Lohri wiki tatu baada ya usiku mrefu kupita?

Usiku wa tarehe 13 Januari, kote Punjab, kaskazini mwa India, watu huwasha moto wa kuni nje ya nyumba, wakauzunguka na kuutupia ufuta, karanga, bisi na vipande vya sukari guru. Hiyo ndiyo Lohri, na huwa na uzito zaidi nyumba ikiwa na bibi harusi mpya au mtoto aliyezaliwa mwaka huo. Kesho yake ni Makar Sankranti: Gujarat, magharibi mwa India, anga hujaa tiara, na Tamil Nadu, kusini, ambako sikukuu huitwa Pongal, mchele mpya huchemshwa kwa maziwa mpaka ufurike chunguni.

Kwa miaka mingi niliamini mambo mawili kuhusu moto ule. La kwanza, kwamba ni wa mavuno ya ngano. Sivyo. Ngano ya Punjab hupandwa Oktoba na Novemba, Januari bado ni majani mabichi, na huvunwa Aprili, wakati wa sikukuu ya Baisakhi. Kilichovunwa kufikia Januari ni ufuta na karanga, na miwa ndiyo kwanza inakamuliwa. Tazama tena vinavyotupwa motoni.

La pili ni kwamba moto huo unaaga usiku mrefu kuliko wote wa mwaka. Maelezo haya yameenea sana, nami nimeyarudia mbele ya watu. Lakini kaskazini mwa dunia usiku huo huangukia tarehe 21 au 22 Desemba. Lohri hutanguliwa na zaidi ya wiki tatu za usiku unaozidi kufupika! Sikukuu ya Gujarat hata huitwa Uttarayan, yaani safari ya jua kuelekea kaskazini, ilhali jua limekwishaanza safari hiyo siku nyingi.

Hakuna aliyekosea hesabu. Makar Sankranti haipimi urefu wa usiku. Inangoja jua liingie katika nyota ya Makara, ambayo Waswahili tunaiita Jadi, yaani mbuzi, na Wahindi humwona mnyama wa majini afananaye na mamba. Lohri ni mkesha wake. Zamani jua liliingia Makara siku ileile lilipogeukia kaskazini. Siku hizo mbili zimeachana, na sababu ni kuyumba kwa dunia.

Mfikirie mtoto anayezungusha pia yake. Pia huzunguka kwa kasi, lakini ukiitazama vizuri, kichwa chake nacho kinachora duara polepole, kama mtu anayesinzia. Dunia hufanya vivyo hivyo. Mzunguko wa kasi ndio siku yetu. Duara la polepole huchukua takriban miaka 25,800. Majira hufuata jinsi mhimili wa dunia ulivyoinama, kwa hiyo mhimili ukiyumba, mahali jua linapogeukia husogea kidogo kidogo kati ya nyota.

Kwa saa ya ukutani ni rahisi zaidi. Jua likirudi kwenye nyota ileile hutumia kama dakika 20 zaidi ya muda wa kurudi kwenye msimu uleule. Zidisha dakika 20 kwa miaka 72: unapata dakika 1,440, siku nzima.

Ni lini basi siku hizo mbili zililingana? Angani hakuna mpaka uliochorwa kati ya nyota na nyota, kwa hiyo jibu hutegemea unaanzia wapi kuhesabu. Kalenda rasmi ya India inauweka mwaka huo kuwa 285. Tangu hapo zimelimbikizana siku 24 hivi, na Desemba 21 ukiongeza 24 ni Januari 14.

Mwendo huu unaonekana hata ndani ya vizazi vichache. Swami Vivekananda, mtawa mashuhuri wa Kihindu, alizaliwa Kolkata siku ya Makar Sankranti, tarehe 12 Januari 1863. Mwaka 2024 sikukuu hiyo iliangukia tarehe 15. Kalenda isipoguswa, baada ya miaka kama 6,500 Wapunjabi watauzunguka moto wa Lohri katikati ya Aprili, kwenye joto, kando ya mashamba ya ngano iliyoiva.