Asidi yabisi: kichocheo cha kutengeneza esta kisichoyeyuka

Asidi yabisi ni kitu kigumu, aghalabu punje au unga, kinachotoa protoni (chembe ya hidrojeni yenye chaji chanya) kama asidi yoyote ile lakini chenyewe hakiyeyuki. Mojawapo ya kazi zake ni kuwa kichocheo, yaani kuharakisha alkoholi na asidi ya kikaboni ziungane, zizae esta na maji. Esta tunazijua: ethili asetati imo katika baadhi ya viondoa rangi ya kucha, na isoamili asetati ndiyo yenye harufu ya ndizi mbivu.

Njia ya kale, waliyoieleza Emil Fischer na Arthur Speier mwaka 1895, hutumia asidi iliyoyeyuka, kwa kawaida ya salfuriki. Inafanya kazi vizuri. Taabu huja baadaye, maana asidi hiyo imeenea kote kama chumvi kwenye mchuzi: sharti uizimue kwa alkali, uioshe, kisha ubaki na maji machafu yenye chumvichumvi.

Katika asidi yabisi, protoni hukaa juu ya kitu kisichoondoka. Amberlyst-15, kwa mfano, ni punje za plastiki ya polistirini zilizofungiwa vikundi vya asidi ya salfoniki. Alkoholi na asidi hupenya vitundu vya punje, hukutana humo, na esta hutoka. Unachuja, basi. Ila punje hizo hazifai kupashwa moto kupita nyuzi 120 hivi za Selsiasi. Zeolaiti, aina ya madini yenye vitundu vingi, huvumilia joto kali zaidi, lakini vitundu vyake havifiki hata nanomita 1, kwa hiyo molekuli kubwa za mafuta hupenya kwa shida.

Wengi hudhani kichocheo kikali huongeza mavuno. Sivyo, hufupisha muda tu. Ethanoli na asidi ya asetiki zikichanganywa mole kwa mole, yaani idadi sawa ya molekuli, mmenyuko hufikia msawazo, ambapo esta huundwa na kuvunjika kwa kasi ileile, theluthi mbili hivi zikiwa zimegeuka. Ukitaka zaidi, ongeza alkoholi au ondoa maji. Na maji yaondolewe kwa vyovyote, kwani pia huzingira protoni na kuipunguzia punje nguvu.

Hapa Nairobi, naona faida kubwa iko kwenye mafuta yaliyochoka ya vibanda vya chipsi. Yamejaa asidi huru za mafuta, yaani zilizobanduka kwenye molekuli za mafuta, na ukiyatia alkali moja kwa moja ili upate dizeli ya mimea, sehemu yake hugeuka sabuni. Asidi yabisi pamoja na methanoli huzigeuza kwanza asidi hizo kuwa esta, na karakana ndogo ya Industrial Area haibaki na maji ya asidi ya kumwaga. Lakini mafuta yachujwe makombo na yakaushwe vizuri. Chumvi ya samaki na kuku nayo ni adui: sodiamu yake hushika nafasi ya protoni kwenye punje. Punje zilizodhoofika hivyo huoshwa kwa asidi iliyochanganywa na maji mengi zikarudia nguvu. Zilizozibwa na masizi na utomvu wa mafuta ni vigumu kuziokoa.