Maana ya urekebikaji wa kimageuko: mfano wa mwiba wa nyuki

Urekebikaji wa kimageuko ni umbo, kiungo au tabia iliyoenea katika spishi kwa sababu waliokuwa nayo waliacha uzao mwingi kuliko wenzao. Nyuki mmoja hajirekebishi: huzaliwa na umbo lake na hufa nalo. Kinachobadilika, kizazi baada ya kizazi, ni idadi ya wenye umbo hilo. Tena uteuzi asilia, yaani huko kuenea kwa umbo la wanaoacha uzao mwingi, hauanzi upya, hutumia kilichopo.

Mwiba ulianza kama mrija wa kutagia mayai. Kwa nyigu-msumeno, jamaa wa kale wa ukoo huu, mrija huo bado unapasua jani au shina ili yai liwekwe ndani. Baadhi ya nyigu vimelea hutoboa nao mbao mpaka wamfikie buu wa mdudu mwingine, kisha humtagia. Kwa nyuki na mavu mrija uliacha kupitisha mayai ukabaki wa sumu tu; yai hutokea kwenye tundu lililo chini ya mwiba. Ndiyo sababu dume haumi. Hakuwahi kuwa na mrija wa kutagia, basi hakuwa na cha kugeuka mwiba.

Mwiba wa nyuki kibarua wa asali una ala moja na sindano mbili zinazoteleza juu yake, kila moja ikiwa na vijino vinavyoelekea nyuma. Sindano moja hushuka, vijino vinashika, kisha ya pili huipita, na hivyo mwiba hujizamisha wenyewe. Akimdunga mdudu mwenzake, mara nyingi huuchomoa salama. Ngozi ya mnyama ni nyumbufu, huvibana vijino. Nyuki akijivuta, ncha ya tumbo hukatika pamoja na kifuko cha sumu, misuli na fundo la neva, naye hufa. Fundo hilo huendelea kuiamuru misuli isukume sumu. Kwa hiyo ukidungwa, toa mwiba papo hapo kwa kucha au chochote kilicho karibu. Kuchelewa kunadhuru kuliko namna ya kuutoa. Kisha ondoka hapo, maana mwiba hutoa harufu ya ndizi mbivu inayowaita nyuki wengine.

Silaha inayomuua mwenyewe inawezaje kuenea? Swali hili Charles Darwin alilijadili mwaka 1859. Jibu liko kwenye undugu. Kibarua kwa kawaida hazai. Jeni zake, yaani chembe za urithi, hupita kwa mama yake malkia na kwa ndugu zake. Mwaka 1964 mwanabiolojia William D. Hamilton alilieleza kwa hesabu: tabia ya kujitoa huenea pale faida kwa ndugu, ikizidishwa na kiwango cha undugu, inapozidi hasara ya anayejitoa. Mzinga wenye asali na watoto ukiokolewa, kupotea kwa vibarua kadhaa ni hasara ndogo. Malkia ndiye asiyeweza kupotezwa hivyo, na mwiba wake una vijino vichache na vidogo: huua nao malkia wapinzani, akaendelea kuishi.

Silaha pia hufifia. Nyuki wadogo wasiouma bado wana mabaki ya mwiba, mafupi mno kudunga. Hao hujilinda kwa kung'ata na kumgandisha adui kwa utomvu, na wengi wao hujenga mlango mwembamba wa nta unaolindwa na walinzi wachache.