Mitishamba na saratani: kuua seli maabara si kutibu mgonjwa

Dhana: Mmea umeua seli za saratani maabara, basi dawa imepatikana.

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayowapa wagonjwa matumaini ya bure. Majani hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye maji au alkoholi, kisha kilichochujwa, yaani dondoo, humwagiwa seli zilizooteshwa kwenye visahani. Lakini seli hizo hufa kirahisi. Chumvi ikizidi zinakufa. Hata alkoholi ya kulowekea huziua. Kwa hiyo mtafiti makini hutenga visahani vya alkoholi tupu, na vingine vya seli zisizo na saratani. Dondoo likiua zote sawasawa, hiyo ni sumu tu.

Rangi nayo hudanganya. Kipimo kinachotumika sana, MTT, ni rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau. Zambarau ikiwa hafifu, seli zimepungua. Tatizo ni kwamba baadhi ya kemikali za mimea huigeuza rangi hiyo zenyewe, pasipo seli hata moja, ndiyo maana lazima kiwepo kisahani chenye dondoo peke yake. Ripoti isiyotaja mambo haya mimi siisambazi, na nakuomba nawe usiisambaze.

Hata seli zikifa kweli, bado kuna utumbo na ini. Kurkumini, kemikali iliyomo kwenye kiungo cha manjano, hufanya vizuri kwenye visahani, ila ikimezwa ni kidogo mno kinachofika kwenye damu.

Dhana: Hospitali zinapuuza mimea.

Vinkristini, inayotibu saratani ya damu kwa watoto hadi leo, hutoka kwenye Catharanthus roseus, mmea wa maua wenye asili ya Madagaska. Huko Kanada, miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer waliuchunguza mmea huo kwa sababu ulisifiwa kwa kisukari. Sukari haikushuka, zilizoshuka ni chembe nyeupe za damu, na hapo ndipo vinblastini, ndugu ya vinkristini, ilipopatikana. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, nayo ilitoka kwenye magome ya mti wa Taxus brevifolia yaliyokusanywa mwaka 1962, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992. Miaka 30!

Dhana: Basi tuchemshe majani yenyewe tunywe.

Hapana. Vinkristini hupewa kwa mshipa tu, na kwa kawaida mtu mzima hapewi zaidi ya miligramu 2 kwa dozi moja, kwa kuwa inaharibu neva. Jani halina kipimo: udongo, msimu na umri wa mmea hubadilisha kilichomo.

Dhana: Shuhuda za waliopona zinatosha.

Laetrile, iliyosifiwa kuwa dawa ya saratani na kutengenezwa kwa kiini cha kokwa za aprikoti, ilikuwa na shuhuda tele. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1982, ya wagonjwa 178, hayakuonyesha faida ya maana, na baadhi yao walikutwa na dalili za sumu ya sayanidi.

Dhana: Cha asili hakidhuru hata ukichanganya na dawa za hospitali.

Hypericum perforatum, mmea unaonywewa kwa huzuni, hulichochea ini livunje dawa upesi. Mgonjwa anayetibiwa kwa irinotekani, dawa ya saratani, akiunywa, dawa hupungua mwilini mwake na uvimbe hupata nafasi. Madaktari, ulizeni kuhusu mitishamba bila kukaripia. Mgonjwa akikaripiwa mara moja, safari ijayo atanyamaza.